Jiwe limetoka kwa leza, lakini miwani sikupewa

"Wewe ni mgonjwa au mkaguzi?"

Hilo ndilo jibu nililopewa hospitalini, siku ya kutolewa jiwe la njia ya mkojo kwa leza, nikiwa nimelala chali, miguu imetundikwa juu kama mbuzi wa Idi, nimeshachomwa sindano ya ganzi mgongoni na kuanzia kitovuni kushuka chini sijui kama mwili ni wangu au wa jirani. Na nilikuwa nimeuliza kitu kimoja tu: "Sista, na mimi miwani yangu iko wapi?"

Msinione mjuaji. Mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha, pale Gerezani, Dar es Salaam, mwaka wa ishirini na kitu huu. Kwenye banda langu hakuna kijana anayegusisha fimbo kwenye chuma kabla ya kupaza sauti: "Macho!" Hata muuza kahawa anayepita na birika lake anageuza uso. Aliyewahi kupigwa na ule mwanga anaijua adhabu yake: mchana huhisi kitu, usiku wa manane unaamka kama umemwagiwa mchanga machoni, mke anakukatia viazi vya kubandika. Sasa nawaona watu wazima wanne chumbani, dokta, msaidizi wake, mtu wa ganzi na huyo sista, wote wanavaa miwani ya kukinga macho na leza kwa mpigo mmoja. Wa tano ni mimi, macho makavu, na mashine iko karibu na bega langu. Ina pembetatu ya njano ubavuni na imeandikwa leza ya daraja la 4. Baadaye nikaambiwa la 4 ndilo la mwisho juu, la 5 halipo. Nisiulize?

Jiwe lenyewe lilikuwa la milimita 9, limekwama chini kabisa kwenye mrija unaotoka figo kwenda kibofu. Maumivu yake siyasimulii, anayeyajua anayajua. Na kosa la maji nalikubali: kutwa nzima kwenye moto na chupa moja ndogo, nilikuwa najitengenezea jiwe mwenyewe.

Kazi ikaanza. Dokta anasema "redi," yaani leza iwe tayari kupiga, sista anabonyeza na kurudia "redi." Dokta anakanyaga pedali, inalia tak-tak-tak, na mimi naangalia kwenye skrini. Hapo lazima niseme kweli, kwa ufundi nilivua kofia. Uzi mwembamba, sijui kama unafikia unene wa sindano ya kushonea, unalila lile jiwe kidogo kidogo, vumbi linapeperuka ndani ya maji kama unga wa muhogo, na ukuta wa mrija pembeni haujaguswa. Mimi nikikata bati kwa gesi sifikii unadhifu ule.

Kisha ikafika mahali dokta akautoa ule uzi nje, wao wanauita fiba, ili akate ncha iliyochakaa. Akasema, "Standbai," yaani leza izuiwe isipige. Kimya. Sista amegeuka mlangoni anaongea na mtu aliyekuja kuulizia chaja ya simu. Chaja! Mlango wazi, aliyesimama pale hana miwani wala habari, fiba iko nje ya mwili, mashine bado iko redi, na pedali iko pale pale chini ya mguu wa dokta. "Standbai, jamani!" Ndipo akabonyeza. Mimi nilikuwa nimeshafumba macho zamani, napiga shahada.

Kwangu kijana angefanya hivyo, siku hiyo hiyo angeenda kuuza maji ya viroba.

Kesho yake dokta alipopita wodini nikamwaga yote. Hakukasirika, Mungu ambariki. Akavuta kiti. Akaniambia leza ile ni ya holmiamu, na mwanga wake unamezwa na maji, haufiki mbali. Ndiyo maana muda wote wanatiririsha maji ya chumvi ndani: kuona vizuri, na kupoza, kwa sababu bila maji kupita joto lingeunguza mrija wangu. Fiba ikiwa ndani ya mwili, jicho langu lilikuwa salama kabisa. Na uso wa jicho nao umejaa maji, kwa hiyo cha kuungua ni kioo cha mbele, mwanga haufiki nyuma. Akanionyesha miwani yake, pembeni imeandikwa 2100, namba ya mwanga wa leza ile. Nikamwambia kioo changu cheusi cha kuchomelea kwa gesi ni namba 5, cha umeme ni 11. Akacheka: "Fundi, hizo za kwako hapa si kazi yake. Kila kioo na mwanga wake."

Nikanywea kidogo. Kumbe nilijitisha zaidi ya hatari yenyewe. Lakini nikakumbuka.

"Dokta, fiba ilikuwa nje."

Akanyamaza. "Hapo una haki. Na miwani ulistahili kupewa, ulikuwa macho."

Basi nikaandika maoni yangu kuhusu hospitali, nyota moja, kwenye simu, kidole juu ya kitufe, bado sijatuma. Moja kwa sista, dokta angekuwa peke yake ningempa zote.

Wakanirudisha nyumbani na stenti ndani, ule mpira unaoachwa mrijani ili uvimbe usizibe mkojo. Wiki mbili za kwenda chooni kila nusu saa na kuungua kila mara. Siku ya kuutoa nilikuwa na geti la mtu Tegeta, sikwenda. Wiki iliyofuata sikwenda tena. Simu ikaita.

"Mgonjwa wa miwani! Unataka stenti iote mawe humo ndani?"

Yeye, sista. Alipiga mara tatu, mara ya mwisho jioni, kwa simu yake mwenyewe. Akanieleza kuwa wapo wanaoisahau miezi na miezi, inavikwa mawe mpaka kuitoa inakuwa kazi kubwa kuliko ile ya kwanza. Nikaenda asubuhi.

Kutoa ni kamera nyembamba na dawa ya ganzi ya kupaka, dakika chache, leza haimo hata chumbani. Nimelala tu, sista akaja, akanivalisha miwani ile ya 2100, akaondoka bila neno. Mpaka leo sijui aliniomba radhi au alinikejeli.

Nyota nne. Hapana, tatu, mpaka yule mwenye chaja apatikane.