Mikusanyiko miwili ya bunilizi ya kisayansi: mmoja wa kura, mwingine wa kumbukumbu

Nimesoma kwa kufuatana mikusanyiko miwili mikubwa ya hadithi fupi za bunilizi ya kisayansi: juzuu ya kwanza ya The Science Fiction Hall of Fame, iliyohaririwa na Robert Silverberg na kuchapishwa mwaka 1970, na Before the Golden Age ya Isaac Asimov, iliyotoka mwaka 1974. Ule wa kwanza una hadithi bora zaidi kwa mbali, lakini ule wa pili ndio ulionielewesha kwa nini watu walikuwa wakiyagombania yale majarida ya karatasi duni yaliyobeba fasihi pendwa ya Marekani.

Hadithi 26 za Silverberg zilitokana na kura za wanachama wa chama cha waandishi wa bunilizi ya kisayansi cha Marekani, waliotaka kuzienzi kazi zilizotangulia tuzo yao ya Nebula. Kura huchuja vizuri. “Nightfall” ya Asimov (1941), inayohusu sayari yenye majua sita ambayo wakazi wake hawajui giza ni kitu gani, iliongoza, na sina ugomvi na uamuzi huo ingawa wahusika wake ni wa kuchorwa harakaharaka. “Flowers for Algernon” ya Daniel Keyes (1959) ingenitosha hata kama kitabu kizima kingekuwa na hadithi hiyo peke yake, kwa kuwa mwandishi anatuonyesha akili ya msimulizi ikipanda na kushuka kwa njia ya tahajia na sentensi za shajara yake, bila kuhitaji mtu wa pembeni wa kutufafanulia.

Hadithi inayowagawa wasomaji kuliko zote ni “The Cold Equations” ya Tom Godwin (1954). Rubani wa chombo kidogo kinachopeleka dawa anagundua kwamba msichana amejificha ndani, na mafuta yaliyopimwa kwa uzito wa mtu mmoja hayatoshi kuwatua wawili. Wanaoipinga huuliza ni mhandisi gani anayeunda chombo kisicho na akiba yoyote ya mafuta, tena akakiacha bila kufuli wala ukaguzi kabla ya safari. Swali hilo ni la haki, na nadhani hadithi haina jibu lake: ukatili unaosemwa kuwa ni wa sheria za fizikia ni uzembe wa watu walioandika kanuni za safari. Hata hivyo niliisoma hadi mwisho bila kuinua macho, na hasira niliyobaki nayo ninaihesabu kuwa sifa ya hadithi, si dosari yake.

Kasoro ya wazi ya mkusanyiko huu ni uhaba wa wanawake. Judith Merril ndiye pekee anayesimama kwa jina lake, huku C. L. Moore akiwa amefichwa nyuma ya jina la Lewis Padgett alilolitumia pamoja na mumewe, Henry Kuttner.

Mkusanyiko wa Asimov haukutokana na kura. Alikusanya hadithi za miaka ya 1931 hadi 1938 zilizomsisimua alipokuwa kijana, akazipanga kwa miaka, na katikati yake akasimulia maisha yake: duka la baba yake lililouza majarida, na jinsi alivyomshawishi mzee huyo amruhusu kusoma mojawapo kwa sababu tu jina lake lilitaja sayansi. Maelezo hayo ndiyo roho ya kitabu. Hadithi zenyewe zina pupa ya ajabu. Katika “The Man Who Evolved” ya Edmond Hamilton (1931), mtu anajianika kwenye miale ya anga na kuruka mamilioni ya miaka ya mageuzi kila anapoingia tena kwenye mtambo wake. Bailojia yake ni upuuzi mtupu, lakini hatua ya mwisho ilinikamata nisipotarajia. Maneno ni mengi mno, jambo lisiloshangaza kwa waandishi waliolipwa kwa idadi ya maneno, na mbio za kukimbia mazimwi ya sayari nyingine zinarudiwa hadi zinachosha. Wasomaji wanaolalamika kwamba wahusika ni bapa wana haki kamili, ila wakumbuke kwamba majarida hayo yaliuza wazo kwanza, na mtu baadaye.

Mwenye nafasi ya kununua kitabu kimoja tu achukue cha Silverberg, na akisome kwa mpangilio wake wa miaka, kwani ukomavu wa lugha kutoka hadithi moja hadi nyingine unaonekana waziwazi. Cha Asimov ni kinene na hakifai kusomwa kwa mkupuo. Hadithi moja kwa wakati inatosha, na inayokushinda irukwe bila huruma, mradi maelezo ya mhariri yaliyo kabla na baada yake yasirukwe.