TAHADHARI: "Fundi wa bonsai" Dodoma anakata fikasi yako, kisha anauza matawi yake kama bonsai ya miaka 20

Wenye fikasi za vyunguni (Ficus, mti wa mapambo unaoweza kulelewa uwe bonsai, yaani mti mdogo wa chunguni wenye umbo la mti mzee), hasa mitaa ya Kisasa, Ilazo na Area D, someni hadi mwisho kabla hamjamfungulia geti mtu mwenye msumeno wa kukunja.

Mtindo wao ni huu. Anakuja kijana mmoja au wawili. Anaona fikasi yako imejaa kichwa, matawi yamefunika shina, majani ya ndani yamepukutika kwa kukosa mwanga. Anakuonyesha picha nzuri kwenye simu na kusema ni kazi zake. Mnakubaliana bei, nusu unatuma kwa simu. Baada ya nusu saa mti umebaki gogo lenye vidole vitatu, hauna hata jani moja. Anakuuzia na chupa ya "dawa ya kuchipusha", halafu kwa ukarimu mkubwa anajitolea kukubebea takataka.

Hizo takataka ndizo mali anayoifuata. Matawi yenye unene wa kifundo cha mkono anayakata vipande vya sentimita 30 hadi 40, anayachomeka kwenye vyungu vya bapa, anamwaga kokoto juu na kuzigandisha kwa gundi ya mbao. Wiki mbili baadaye yako kando ya barabara yanaitwa bonsai ya miaka 20. Kwa hiyo wanaolia ni wawili: mwenye mti na mnunuzi wa chungu.

Tuanze na mnunuzi. Gogo la fikasi lina maji na chakula cha akiba, ndiyo maana linaweza kutoa majani mapya kabla halijawa na mzizi hata mmoja. Ukikwangua gome utakuta kijani, utaamini mti ni mzima. Kijani hicho si ushahidi wa mizizi. Akiba ikiisha, majani yanalegea yote kwa pamoja, na muuzaji atakwambia umezidisha maji. Kweli gogo la fikasi linaota mizizi, lakini linataka joto na unyevu kwa wiki kadhaa, na kiangazi cha Dodoma chenye upepo mkavu hakitoi hivyo. Ubaya uko kwenye kuuza kipande kisicho na mizizi kwa bei ya mti uliolelewa.

Kagua hivi. Shika shina karibu na udongo ulisukume taratibu: mti wenye mizizi unatikisika pamoja na udongo wake, gogo linazunguka kama kigingi. Geuza chungu, tazama tundu la chini. Mti uliokaa chunguni miaka mingi kwa kawaida haukosi mizizi pale. Angalia pia umbo: bonsai ya kweli imetanuka chini, mizizi inatambaa juu ya udongo kama vidole vya kuku, na shina linapungua unene kadiri linavyopanda. Gogo lina unene uleule juu na chini. Pale juu lilipokatwa utakuta nta ya mshumaa au rangi nyeusi; chokonoa kwa ukucha, kama kidonda ni kibichi, kimekatwa juzi. Kokoto zilizogandishwa ni sababu tosha ya kuondoka, kwa sababu zinakuzuia usichunguze. Na unene si umri: fikasi iliyopandwa ardhini ikapata maji inanenepa kwa miaka michache tu.

Sasa mwenye mti. Kupogoa sana si kosa. Fikasi ni katika miti inayovumilia msumeno kuliko mingi, na mti uliokua ovyo hauwezi kurudishwa umbo kwa kunyoa ncha. Wanachokosea hawa ni wakati, aina na kiasi.

Wakati: wanapita sana Juni hadi Agosti, usiku una baridi na upepo haupumziki. Mti hukua polepole kipindi hicho, kidonda kinachelewa kufunga, na tawi linaweza kukauka kurudi nyuma hadi shinani. Kata mvua zikishaanza na joto lipo, kuanzia Desemba hadi Februari. Mti uwe na nguvu: umelishwa mbolea miezi miwili mitatu kabla na unatoa majani mapya. Mti mgonjwa usikatwe, na usikate kichwa na mizizi siku moja. Mizizi isubiri msimu unaofuata, na hata hapo usizidishe theluthi moja.

Aina: hapa ndipo miti mingi inakufa. Ficus microcarpa, yenye jani nene la umbo la yai, inachipua hata kwenye gome la zamani lisilo na jani. Ficus benjamina, yenye jani jembamba lenye ncha inayoning'inia, mara nyingi haichipui tawi lililoachwa tupu. Tawi hilo hufa. Kwa benjamina acha angalau majani mawili kwenye kila tawi unalolitaka, na tawi unaloliondoa liachie kisiki cha sentimita 1 au 2, ukisafishe mwaka unaofuata baada ya kuona kukauka kumeishia wapi. Ile yenye mizizi minono kama viazi, inayoitwa jinsengi, kwa kawaida imebebeshwa, yaani matawi ya aina moja yameunganishwa kwenye shina la aina nyingine. Ukikata chini ya kiungo, unapoteza aina ya juu na yanayochipua ni majani ya shina mama.

Kiasi na namna: kwanza fagia udongo wa juu hadi mizizi ionekane, zungusha chungu, chagua uso wa mti, yaani upande utakaotazamwa. Ondoa matawi yaliyokufa, yanayokua ndani, na yanayotoka matatu au zaidi sehemu moja, maana hapo shina litavimba kama fundo. Tawi nene lianze kukatwa kwa chini hadi theluthi ya unene, kisha malizia kwa juu. Ukianzia juu peke yake linadondoka na kuchuna gome la shina. Futa msumeno kwa spiriti. Utomvu mweupe unawasha ngozi na ni hatari kwa macho, kwa hiyo vaa glavu, na kidonda kinyunyizie maji ya baridi hadi utomvu uache kutoka. Lainisha kingo kwa kisu kikali, ziba kwa nta ya nyuki.

Weka kivulini, mbali na upepo, wiki mbili hadi tatu. Punguza maji, kwa sababu majani ya kuyanywa hayapo. Mwagilia udongo ukikauka sentimita 2 za juu. Maji ya visima vingi vya hapa yana chumvi, ukiona ukoko mweupe kwenye chungu, suuza udongo kwa maji ya mvua. Mbolea isubiri machipukizi. Yakifika majani sita hadi nane, kata yabaki mawili, isipokuwa tawi unalotaka linenepe. Hilo liache likimbie. Waya wa kukunjia matawi uwe wa alumini, usitumie wa kufungia nondo, na ukague kila wiki, fikasi inanenepa haraka na waya unazama kwenye gome.

Ile "dawa" ya chupani achana nayo. Hata kama ni homoni ya kuoteshea mizizi, hiyo haichipushi majani.

Ukiamua kumwita fundi yeyote, matawi yabaki kwako, na nusu ya malipo isubiri machipukizi. Aliyekwisha kutapeliwa atunze ujumbe wa muamala, aripoti polisi, na namba iliyomtapeli aitume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Kama umeshanunua gogo, usilitupe bado. Vunja zile kokoto, toa udongo wa mfinyanzi, panda kwenye mchanga mkubwa wa mto uliochanganywa na matofali ya kuchoma yaliyopondwa na kuchekechwa. Lifunge lisitikisike, lifunike na chungu chake kwa mfuko mkubwa wa plastiki unaopitisha mwanga, liweke kivulini penye joto. Fungua mfuko dakika chache kila siku mbili, na usilivute kuangalia mizizi. Subiri uione kwenye tundu la chini.