Mashine ya gemu: tazama mdomo kwanza

Mwaka jana nilimwagizia mwanangu mashine ya gemu kutoka duka moja la Mombasa. Ikapanda basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti hadi hapa Lamu, nikaipokea gatini kama bibi harusi. Nyeupe, nzuri. Mwanangu akaizungusha mara tatu, akauliza, "Mama, CD inaingia wapi?"

Haiingii. Haina mdomo. Nilipompigia muuzaji akanijibu, "Dadangu, siku hizi gemu ni za kupakua." Kuna gemu zinazopita GB 100. Nipakue kwa bando la nani?

Kwa hiyo mambo ya picha kali waulizeni vijana, mimi naanza na mdomo. Na nafuatilia mauzo ya mashine hizi kama watu wanavyofuatilia ligi, kwa sababu iliyouzwa sana ndiyo yenye CD za mitumba, pedi za kuchezea za ziada na fundi anayeijua. Iliyoshindwa utabaki nayo peke yako.

Ya kwanza kwangu ni PS4, yaani PlayStation 4 ya Sony. Ilitoka 2013, ikauzwa zaidi ya milioni 117, na hapa mtaani kwetu Langoni CD zake zinatembea nyumba hadi nyumba kama sahani za futari. Mtoto akimaliza moja anabadilishana na jirani, hela haitoki. Nakiri, mimi ni mtu wa Sony tangu PS2. Imezeeka, ndiyo, na gemu mpya zimeanza kuikimbia. Upepo wetu wa chumvi nao hauna huruma na kitu chenye feni: ifunikeni kwa leso, lakini ikishazimwa na kupoa.

Ya pili, PS5, ila yenye mdomo. Hiyo inasoma karibu CD zote za PS4, kwa hiyo akiba yako haipotei. Muuzaji atakwambia "PS5 ni PS5". Mwongo. Kuna zinazokuja bila mdomo tangu 2020, na PS5 Pro ya 2024 haina kabisa, unanunua kando. Hata huo wa kando, siku ya kuufunga lazima intaneti iwepo.

Switch 2 ya Nintendo naiweka ya tatu. Ilitoka Juni 2025, na ndani ya siku 4 zilishauzwa zaidi ya milioni 3.5, kwa hiyo sitabiri kuanguka kwake. Lakini yenyewe hutumia kadi badala ya CD, na baadhi ya kadi hizo ni ufunguo mtupu: unachomeka, halafu gemu yenyewe bado unaipakua. Yaani mdomo upo, ulimi hakuna.

Xbox Series X ya Microsoft ni mashine nzuri, na mdomo inao, ingawa 2024 ilitoka nyingine isiyo nao. Tatizo ni kwamba Microsoft waliacha kutangaza idadi ya mashine wanazouza tangu 2015, na anayeshinda hafichi matokeo. Mwaka 2024 wakaanza kupeleka PlayStation hata gemu zao walizokuwa wakiinyima. Mimi hapo nimeshaona mechi inaelekea wapi. Mdogo wake, Series S, hana mdomo, tuendelee.

Vile vidude vya gemu 400 ndani ya kimoja, mpe mtoto wa miaka minne.

Kinachoniudhi zaidi ni bei. PS2 ilianza Marekani kwa dola 299 mwaka 2000, kufika 2009 ikawa 99. Series S ilianza kwa hiyo hiyo 299 mwaka 2020, na 2025 ikafika 399. Mashine inazeeka, bei inabaleghe! Halafu hawa wauzaji wetu wa mtandaoni, ukiuliza bei hadharani unaambiwa "njoo inbox", kana kwamba unaposwa.

Yangu bado iko juu ya kabati, na boksi lake. Mwenye waifai ya kutosha aje aichukue. Elfu ishirini, na nimeitaja hapa hapa mbele za watu.