Boksi la kadi za besiboli: maswali matamu, karatasi nyepesi

Boksi hili la mchezo wa maswali linauzwa shilingi 850 kwenye vibanda vya ghorofani katikati ya jiji la Nairobi. Ndani mna kadi 60, kipima-muda cha mchanga cha sekunde 30 na karatasi ya kanuni. Kadi zote zinahusu jambo moja tu: warushaji (wale wanaomrushia mpigaji mpira) waliopotea Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani kwa miaka kisha wakarudi. Mada ni finyu, lakini maswali hayachoshi.

Swali linaloongoza ni la Paul Schreiber. Alirushia timu ya Brooklyn mwaka 1923, akaibuka tena na timu ya Yankees 1945, miaka 22 baadaye, umri wake 42. Kadi inadokeza kwamba kazi yake Yankees ilikuwa kuwarushia wapigaji mipira ya mazoezi, na kwamba vita vilikuwa vimezoa wachezaji. Kwa dokezo hilo, hata asiyekariri namba anaweza kujikongoja hadi kwenye jibu. La José Rijo nalo limetungwa na mjuzi: mapema 2001 alipigiwa kura 1 ya kuingia Jumba la Heshima la besiboli, na Agosti mwaka huohuo akarudi kuirushia Cincinnati, baada ya kukosekana tangu 1995. (Tamka Riho, la sivyo timu ya pili itadhani ni mtu mwingine.)

Kasoro kubwa imo kwenye neno "kurudi", ambalo kanuni hazikulifafanua. Satchel Paige anatajwa kuwa "alikaa nje miaka 12", 1953 hadi 1965. Nje ya Ligi Kuu, sawa. Nje ya besiboli, hapana, kwa sababu miaka hiyo aliendelea kurusha kwingineko. Hapo ndipo ubishi huanza na mchezo kukwama. Kubalianeni mapema: hesabu ni kati ya mechi mbili za Ligi Kuu, basi. Kwa kipimo hicho Paige anabaki, na kadi yake ni tamu: inningi (vipindi vya mchezo) 3 akiwa na miaka 59, na mpigaji Carl Yastrzemski peke yake ndiye aliyeupiga mpira wake salama. Ya Jim Morris itupeni. Aliingia Ligi Kuu kwa mara ya kwanza mwaka 1999, akiwa na miaka 35; huwezi kurudi usikowahi kufika.

Kadi ya Daniel Bard inasema kiwiko ndicho kilichomweka nje 2013 hadi 2020. Wameichanganya na ya mrushaji mwingine, Tommy John. Bard alipoteza shabaha, mipira ikawa haiendi anakotaka. Aliyefanyiwa upasuaji wa kiwiko ni John, mwaka 1974: Dkt. Frank Jobe alitoa kano mkono wa kulia akaipandikiza kiwiko cha kushoto. John akakosa msimu mzima wa 1975, akarudi 1976, na kati ya ushindi wake 288, 164 ulikuja baada ya kisu. Badilisheni kwa kalamu.

Sasa karatasi. Jibu limechapwa nyuma ya swali, na karatasi ni nyepesi mno: msomaji akiinua kadi chini ya balbu, ile "22" ya Schreiber inasomeka kinyumenyume kutoka upande wa pili wa meza. Isomeeni ndani ya kifuniko cha boksi. Sekunde 30 hazitoshi maswali ya miaka; geuzeni mchanga mara mbili. Bei ikishuka hadi 600, chukua. Kwa 850, subiri wachape upya kwenye kadi nzito.