Mafundi wa madirisha Malindi: bei inajificha kwenye skrubu

Zunguka karakana za madirisha mjini Malindi ukiuliza bei, jibu la kwanza ni lile lile: futi ya mraba ni kiasi kadha. Bei hiyo ya mdomo ndiyo inayowapoteza wenye nyumba. Haisemi kioo ni cha milimita ngapi, skrubu ni za aina gani, wala nani ataziba ukuta dirisha kuukuu likishang'olewa. Na hapa upepo wa bahari una chumvi mwaka mzima, kusi na kaskazi.

Anza na kipimo. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, fundi anataka shilingi 700 kwa futi ya mraba. Tundu lako lina milimita 1,250 kwa 1,050, yaani futi za mraba 14.1. Wako mafundi wanaopandisha kila upande hadi futi kamili inayofuata: 4.1 inakuwa 5, 3.4 inakuwa 4, na dirisha lako limegeuka futi 20. Hapo umelipa zaidi ya shilingi 4,100 kwa alumini isiyokuwepo, na hilo ni dirisha moja. Dai vipimo viandikwe kwa milimita, na uulize kama VAT ya asilimia 16 imo au itakuja mwishoni. Fundi mzuri hupima upana mahali patatu, kimo mahali patatu, kisha pembe kwa pembe, kwa sababu kuta za zamani za mawe ya matumbawe hazikai pembe mraba. Anachukua kipimo kidogo kabisa na kupunguza kama milimita 10 ili fremu iingie bila kulazimishwa.

Kwa nyumba nyingi za Malindi, alumini ndiyo inayostahili pesa. Kasoro ni kwamba alumini yenyewe huwa nzuri, kisha inafungwa kwa skrubu mbovu. Skrubu ya chuma iliyopakwa zinki ikikutana na alumini na chumvi, zinki huisha kwanza, halafu kutu inaanza. Baadaye utaona unga mweupe umezunguka kichwa cha skrubu na rangi imevimba kama lengelenge: alumini imeanza kuliwa. Taka skrubu za stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, za daraja la 316. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha na za daraja la chini, 304. Omba uone boksi lenyewe. Za 316 kwa kawaida huandikwa A4, za 304 huandikwa A2. Karibu na ufuo, A2 nayo hupata madoa ya kutu. Tofauti ya bei kwa dirisha zima ni ndogo mno kulinganisha na kazi ya kufungua kila kitu upya.

Dirisha la kuteleza linapendwa, lakini hufunguka nusu tu, na joto la Februari linataka dirisha zima. Tena uzito wote unabebwa na vigurudumu. Kila milimita moja ya unene wa kioo ina kilo 2.5 kwa mita ya mraba, kwa hiyo dirisha la mita 1.5 kwa 1.2 lenye kioo cha milimita 6 lina kioo cha kilo 27, karibu kilo 13.5 kila upande. Vigurudumu vyenye beringi za chuma cha kawaida vitaganda kwa chumvi, na mtu atavuta kwa nguvu mpaka reli ipinde. La bawaba hufunguka lote, ila bawaba nazo ziwe stenlesi. Luva zinapitisha hewa vizuri sana, lakini mvua ya Mei ikipigwa na kusi hupenya katikati ya vioo, na mwizi huvichomoa kimoja kimoja, kwa hiyo ongeza gharama ya grili.

Madirisha ya chuma ya kuchomelea huwa rahisi siku ya kununua. Kutu huvimba kuliko chuma chenyewe, ndiyo maana plasta hupasuka pembeni mwa fremu. Kama nyumba iko karibu na bahari, achana nayo.

Kwa Lamu hesabu ni nyingine. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, hivyo usiguse dirisha la mbele kabla ya kuuliza ofisi ya Makumbusho ya Taifa. Mbao ngumu kama mbambakofi ndizo zinazofaa huko. Kioo kitashushwa Mokowe, kivuke kwa boti, kisha kipite vichochoroni kwa hamali au punda. Iandikwe mapema nani atalipa kikivunjika.

Kung'oa nako kuna bei yake. Fremu ikigongwa kwa nyundo, jiwe la matumbawe humeguka na unanunua plasta ambayo hukuipangia. Ikatwe katikati kwa grainda, ivutwe kwa ndani. Plagi za kushikia skrubu ukutani ziwe ndefu kwa kuwa jiwe hili ni laini, na mchanga wa ufuoni usiingie kwenye simiti, maana chumvi yake itarudi kula fremu. Silikoni ya kuzibia inayonuka siki isitumike hapa; ina asidi na hushika vibaya kwenye simiti na chokaa. Kizingiti kiinamie nje.

Usimalize malipo kabla ya kumwaga maji. Chukua ndoo, mimina taratibu kwenye reli kwa dakika mbili. Maji yatoke nje kupitia vitundu vya chini, yasibaki wala kuingia ndani. Mara nyingi vitundu hivyo havikutobolewa, au vimezibwa na silikoni. Fundi avitoboe mbele yako, umwage tena, ndipo umpe salio lake.