Kliniki ya kifafa cha watoto: daktari safi, mapokezi mabovu

Nawapa nyota nne. Ya tano imebaki mapokezini, nitafika huko.

Binti yangu ana miaka saba na alikuwa anazubaa. Yuko katikati ya maneno, anakatika, macho yanaganda, kope zinachezacheza, halafu sekunde chache baadaye anaendelea na alichokuwa akifanya kama vile hakuna kilichopita. Haanguki, hakakamai, hatoki povu. Shuleni walisema ni uvivu. Bibi yake alisema mtoto ana mawazo mengi, mwacheni. Tatizo ni kwamba likitajwa neno kifafa, sote tunamwona mtu aliyeanguka chini, na hiki cha kuzubaa kinaweza kumpata mtoto makumi ya mara kwa siku mbele ya macho yetu tusikijue.

Daktari hakukimbilia mashine. Aliuliza. Anazubaa darasani tu, au hata akiwa kwenye mchezo anaoupenda? Ukimgusa bega anashtuka na kurudi? Akizinduka anakuwa amechanganyikiwa, au anaendelea papo hapo? Mtoto anayewaza mambo yake ukimgusa anarudi, alisema, mwenye kifafa hiki harudi mpaka kipindi kiishe chenyewe. Akaomba video ya simu. Tulikuwa nayo. Akaitazama, akairudia tena bila sauti, macho yake kwenye kope za mtoto.

Ndipo tukaingia kwenye EEG, kipimo cha umeme wa ubongo ambacho mtoto hubandikwa waya kichwani, na hapa niwatoe hofu wazazi, maana nje kwenye foleni nilisikia mama mmoja akinong'ona kwamba watoto wanapigwa umeme. Hapigwi mtu umeme. Waya zile zinapokea umeme mdogo sana ambao ubongo wenyewe huutoa muda wote. Hans Berger, daktari Mjerumani, aliunasa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, kwa hiyo hata si jambo geni. Kinachokera ni ile jeli ya kubandikia waya kichwani.

Mtaalamu wa kipimo, dada mmoja mwenye subira sijapata kuona, alimpa binti pangaboi la karatasi na kumwambia alipulize lisisimame. Zoezi hilo huchukua kama dakika tatu. Kupumua haraka namna ile hupunguza kaboni dioksidi kwenye damu, na kifafa cha kuzubaa kikiwepo mara nyingi hujitokeza hapo hapo. Muda haujaisha, pangaboi likasimama. Kwenye skrini mistari iliyokuwa imetulia ikarushwa juu yote kwa pamoja, kulia na kushoto: mwiba na wimbi, mwiba na wimbi, kama mitatu kwa kila sekunde. Yule dada akatamka taratibu, "Tembo." Mistari ilipotulia akamuuliza, "Mama, nimekwambia neno gani?" Binti akamshangaa: "Hujaniambia kitu."

Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa tukapige MRI. Daktari akasema kwa dalili hizi na mchoro huu haihitajiki kwa sasa. MRI inaonyesha umbo la ubongo, na kwenye aina hii ya kifafa kwa kawaida picha hutoka haina kasoro. Ila akatahadharisha kwamba kwa aina nyingine EEG inaweza kutoka safi na mtu bado ana kifafa, ndiyo maana yeye huanza na maelezo.

Kabla ya hapo, hospitali nyingine ilitupa karbamazepini na kuzubaa kukazidi. Daktari hakumsema mtu. Alieleza tu kuwa dawa hiyo inafaa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, lakini hiki huwaka pande zote mbili kwa pamoja na dawa ile inaweza kukichochea. Akatupangia kuipunguza hatua kwa hatua huku akianzisha ethosuksimaidi, kwa sababu dawa za kifafa haziachwi ghafla. Nikauliza mbona si valproeti, niliyowahi kuisikia. Akasema nayo inafanya kazi, lakini huwapunguzia watoto umakini zaidi, na kwa msichana kuna hatari kwa mimba huko mbele. Nikacheka, mtoto wa miaka saba! Yeye hakucheka. Tumbo lilimsumbua binti mwanzoni, sasa anameza baada ya kula na kuzubaa hatukuoni tena.

Sasa mapokezi. Watu kibao wamekaa, karani anapaza sauti: "Mtoto wa kifafa yuko wapi?" Jina analo kwenye faili! Binti aliinamisha kichwa mpaka tulipoingia ndani. Halafu suala la maji, kwamba asiogelee bila mtu mzima wa kumwangalia, tuliambiwa na nesi mlangoni tukiwa tunaondoka. Jambo zito hivyo lilistahili kuandikwa.

Mkienda, bebeni video, na mtoto awe na nywele safi zisizo na mafuta ili waya zishike. Ombeni nakala ya majibu, hawakupi usipoomba. Na jeli ile haitoki kwa kuosha mara moja.