Uzoefu wangu na dawa ya meno ya Pronamel, meno yalipolika kwa kutapika kwa mimba

Jamani mimba ya huyu wa pili ilinitesa, nilitapika mpaka miezi mitano na kitu, na sio ile ya asubuhi tu, hata maji yalikuwa yanarudi. Huko katikati ikaanza ganzi ya meno. Maji ya mtungini tu, wala sio ya friji, yakigusa meno ya juu ya mbele nafumba macho, na ukwaju ambao ndo kitu pekee nilichokuwa natamani ukawa hauliki. Naandika kwa ajili ya wajawazito wenzangu na pia wenye kiungulia cha kila siku, maana kinachotula meno ni kilekile, asidi ya tumbo.

Kliniki nesi akanielekeza kwa daktari wa meno. Yule dada alinipa kioo nijione, na yeye akaingiza kile kioo chao kidogo cha mshikio nyuma ya meno ya mbele. Upande wa ulimi pamekuwa pateleza panang'aa, na ncha za meno zinapitisha mwanga kama glasi. Ule unjano niliodhani ni uchafu ni dentini, yaani sehemu ya ndani ya jino inayoonekana baada ya enameli, lile gamba gumu la nje, kuwa nyembamba. Akasema enameli karibu asilimia 96 ni madini, ni ngumu kuliko mfupa, ila haina chembe hai kwa hiyo ikishalika haioti tena. Inaanza kuyeyuka pH ya kinywa (kipimo cha asidi, kadri namba inavyoshuka ndo asidi inavyozidi) ikishuka chini ya 5.5 hivi, na asidi ya tumbo iko chini sana ya hapo. Mate yenyewe ndo yanarudisha kalsiamu na fosfeti taratibu kwenye ile enameli iliyobaki, ila yanataka muda.

Kwa hiyo mtu yeyote anayekuuzia kitu mtandaoni eti kinaotesha enameli upya, muache na kitu chake. Na zile dawa za mkaa za kung'arisha ndo usiguse kabisa kama meno yako yameshalika, zinasugua hata kile kilichobaki.

Siku ileile alinipaka vanishi ya floraidi, yaani madini ya kuimarisha enameli. Alikausha meno kwa pamba, akapaka kwa kibrashi kidogo, inanata, ina rangi ya njano njano na ukilamba unasikia meno yana mkwaruzo. Haiumi hata kidogo. Nikaambiwa nisile vigumu wala vya moto siku hiyo na mswaki mpaka kesho. Vanishi ina floraidi 22,600 ppm (yaani sehemu kwa milioni) ila inayopakwa ni tone tu, ndo maana anapaka mtaalamu.

Nyumbani ndo akaniandikia Sensodyne Pronamel, na hapa ndo review yenyewe. Ina floraidi 1,450 ppm na potasiamu naitreti ya kutuliza ganzi. Kilichonifurahisha zaidi ya vyote haina povu jingi na mint yake ni ya upole, wenye mimba mnanielewa, ile kolgeti ya kawaida ilikuwa ikishaanza kutoa povu tu natapika tena, sasa hapo unatibu nini. Usitegemee kupona kesho yake. Mimi ilichukua wiki kadhaa ndo nikaona nakunywa maji bila kuyageuzia upande mmoja wa mdomo. Usiku unapiga mswaki laini, unatema povu, husuuzi na maji, floraidi ibaki kwenye meno. Bei imechangamka kidogo, ila tyubu inakaa.

Kingine kilichosaidia ni cha bei rahisi. Ukitapika, kila mtu anakwambia kapige mswaki, daktari akakataa kabisa, enameli inakuwa imelainika na mswaki unaiondoa. Unachukua kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda (sio bekingi pauda) kwenye glasi ya maji, unasukutua, unatema, halafu mswaki baada ya saa nzima. Hiyo saa ni muhimu hata ukila embe bichi, ndimu au soda.

Mama mkwe wangu anatoka Arumeru, kwao maji ya visima vingine yana floraidi kupita kikomo cha 1.5 mg kwa lita cha WHO, Shirika la Afya Duniani, na watu wengi wana meno ya kahawia, kwa hiyo alipoona neno floraidi aliogopa sana na ana haki ya kuogopa. Ila madoa yale yanatokana na kumeza floraidi nyingi utotoni wakati meno bado yanaundwa, mtu mzima anayepaka na kutema hayampati. Kwa mtoto ndo mnapima dawa ya meno: chini ya miaka mitatu kiasi cha punje ya mchele, mpaka sita punje ya njegere, na mtu mzima awepo.

Ncha mbili zilizolika sana daktari anataka kuzifunika na resini ya rangi ya jino, tumekubaliana tufanye nikishatulia na mtoto. Pronamel nanunua tena. Kama hela haitoshi, chukua dawa yoyote ya meno iliyoandikwa 1,450 ppm nyuma ya tyubu pamoja na hiyo bekingi soda, na hela inayobaki weka kwenye vanishi.